Kabati la Muziki na Mkono Wenye Maji

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimeutumia msemo huo mara nyingi kuwaonya watu wengine. Jumapili hii sina budi kuuelekeza kwangu mwenyewe. Katika safu hii nimezoea kueleza namna ya kutengeneza vitu vya nyumbani kwa mikono yetu na kwa gharama tunazozimudu. Leo nitaeleza namna ya kuweka skrini ya kugusa katika kabati la muziki, lakini nitaanza kwa kusimulia jinsi nilivyokosea, maana kosa lenyewe liliigharimu familia isiyokuwa na fedha za kuchezea.

Familia hiyo ni ya rafiki yangu aliyekuwa mvuvi, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake ni mama lishe hapa Feri. Mtu anayefika Feri alfajiri humkuta amekwisha washa moto, wakati boti zinashusha samaki, wanadi wanapaza sauti mnadani, na pantoni inawaleta watu wa Kigamboni waendao kazini mjini. Wateja wake ni wavuvi, wachukuzi, vijana wanaopara samaki, na abiria wenye haraka. Yeye mwenyewe hupara, huosha, hukaanga na hupakua, na tangu asubuhi hadi alasiri mikono yake haikauki.

Marehemu aliacha makasha mawili ya kanda za kaseti. Alikuwa na desturi ya kurekodi nyimbo kutoka redioni, na juu ya kila kanda akaandika kwa kalamu ya wino majina ya bendi na wanamuziki: NUTA Jazz, Mlimani Park, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, na nyingine nyingi. Redio kaseti yake ilipokufa, kanda zikabaki uvunguni zikiota ukungu. Kijana wao wa kiume, ambaye amesomea ufundi wa umeme, aliona kwamba zikiachwa hivyo zitaharibika zote. Akaazima redio kaseti nzima, akaiunganisha na kompyuta, akaanza kuzihamisha moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haina njia ya mkato, kwa kuwa kanda ya dakika 60 yataka dakika 60 kuhamishwa. Alifanya hivyo usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miezi mitatu.

Alipomaliza, akaamua kwamba nyimbo zile zisikae tena uvunguni. Akatengeneza kabati la mbao, akatia ndani yake spika mbili, amplifaya, na laptopu kuukuu ambayo kioo chake kilikuwa kimevunjika, akaliweka kwa mama yake pale Feri. Nia yake ilikuwa mteja ale huku akisikiliza wimbo aliouchagua, na mama asikie tena nyimbo za mumewe.

Sanduku la muziki la namna hii si jambo geni duniani. Mwaka 1889, katika baa moja ya mji wa San Francisco, Marekani, Louis Glass aliweka mashine ya sauti yenye tundu la sarafu. Mteja alitumbukiza senti 5, akaweka mrija sikioni, akasikia wimbo. Kutokana na mbegu hiyo zikazaliwa zile mashine kubwa za santuri ziitwazo jukiboksi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Seeburg ilikwisha tengeneza mashine inayomwezesha mteja kuchagua miongoni mwa nyimbo 100. Pwani yetu nayo haikubaki nyuma katika kupenda muziki wa mashine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake iliwafikia kwa gramafoni watu wengi ambao hawakupata kumwona kwa macho.

Tofauti ya zama hizi ni wingi. Wimbo wa dakika nne, ukibanwa kwa kiasi cha kawaida, hauzidi sana megabaiti 4. Kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, huweza kuchukua nyimbo zipatazo 8,000. Lakini wingi huo huzaa tatizo ambalo vifungo vya jukiboksi ya zamani havikuwa nalo. Je, mtu aliyeketi mbele ya sahani ya wali ataupataje wimbo mmoja kati ya maelfu?

Kijana alianza kwa kutumia kibodi na kipanya. Juma moja halikwisha kibodi ikawa imejaa mafuta na punje za wali, na kipanya kikawa hakitelezi tena. Tena, mama yake hakuweza kusoma herufi ndogo, kwa sababu miwani haivaliki penye moshi na mvuke. Ndipo akaja kwangu kutaka ushauri, nami bila kufikiri sana nikamwambia, "Nunua skrini ya kugusa. Na usinunue ile ya kizamani, nunua ya kioo kama ya simu za kisasa, ing'aayo na nyepesi kuguswa."

Fedha alizitoa mama mwenyewe, zamu yake ya upatu. Tulipanda mwendokasi pale kituo cha Kivukoni, tukashuka Fire, tukamalizia kwa miguu hadi Kariakoo. Dukani muuzaji aliiwasha skrini, nasi tukaigusa kwa zamu. Ilitii vizuri mno, tukatoka tukiwa na furaha. Sasa nakumbuka jambo ambalo siku hiyo halikunipitia akilini hata kidogo: sote watatu pale dukani mikono yetu ilikuwa mikavu.

Siku ya Jumamosi kabati likawashwa mbele ya wateja. Mama aliitwa aje awe wa kwanza kuchagua. Alikuja akitoka kuosha vibua, akajifuta mkono kwenye kanga, akagusa. Mashine haikujibu. Akagusa tena kwa nguvu zaidi, na matone ya maji yakabaki juu ya kioo. Hapo mashine ikaanza kuchagua nyimbo yenyewe, ikiukatiza huu na kuuanza ule, kama kwamba kuna mtoto asiyeonekana anayeichezea. Wateja walicheka. Mama hakucheka. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mashine yenu hii haiutaki mkono wangu." Kisha akarudi jikoni kwake.

Ndugu msomaji, maneno hayo yaliniumiza kuliko tusi. Mkono ule ndio uliomlea yule kijana, ndio uliomsomesha, na ndio uliolipia ile skrini. Ilinipasa kuuliza mashine itaguswa na mkono wa nani kabla ya kuuliza ni mashine gani iliyo nzuri.

Hebu sasa tuone sababu yake. Skrini ya kioo kama ya simu hupakwa utando mwembamba unaoonyesha na unaopitisha umeme. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikifika juu ya kioo huvuta chaji ndogo sana, na mashine hutambua mahali ilipovutwa. Lakini maji pia hupitisha umeme, na maji ya chumvi ndiyo zaidi. Matone yakitapakaa juu ya kioo, mashine haiwezi kupambanua lililo tone na kilicho kidole. Vivyo hivyo, adapta ya umeme iliyo hafifu huweza kuifanya skrini ya namna hii irukeruke hata kama ni kavu.

Skrini ya namna ya pili, ile niliyoiita ya kizamani, hufanya kazi kwa kubonyezwa. Ina matabaka mawili yaliyotenganishwa na nafasi ndogo mno. Ukibonyeza, tabaka la juu huinama likagusana na la chini, na mashine hujua mahali yalipogusana. Haijali kama kilichobonyeza ni kidole kikavu, kidole chenye maji, ukucha au mpini wa kijiko. Ila nayo ina ila zake. Picha yake hufifia kidogo, tabaka la juu ni la plastiki na huchunika likikwaruzwa kwa ncha kali, na yataka kubonyezwa hasa, kupapasa hakutoshi. Ipo pia namna ya tatu, ambapo fremu hupitisha miale isiyoonekana juu ya kioo, na kidole kikiikatiza hutambulika. Hiyo haijali sana unyevu wa kidole, lakini huchanganyikiwa na jua kali na uchafu unaojikusanya pembezoni, na Feri vyote viwili vimejaa.

Kijana alipendekeza tutundike taulo kando ya kabati, mama awe anajifuta vizuri kabla ya kugusa. Nilikaribia kukubali, maana taulo ni rahisi kuliko skrini mpya. Lakini nilipofikiri nikaona si haki. Mtu anayefanya kazi ya maji kutwa nzima hawezi kuwa anaacha kazi kila mara ili aipendeze mashine iliyoletwa kumburudisha. Hali kadhalika wateja wake wengi ni watu wa maji. Iliyopaswa kubadilika ni mashine.

Basi tukarudi Kariakoo. Muuzaji alikubali kuipokea skrini yake kwa bei pungufu, wala sikumlaumu, kwa kuwa hakutuuzia kitu kibovu. Upungufu ule niliulipa mimi, maana ushauri ulikuwa wangu. Katika maduka ya vitu vilivyotumika tukapata skrini ya kubonyeza ya inchi 15, iliyotolewa katika mashine ya kuuzia ya dukani. Safari hii nilikwenda na chupa ya maji ya chumvi. Nililowanisha mkono mbele ya muuzaji aliyenishangaa, nikaibonyeza pembe zote nne na katikati. Ilitii kila mara. Nakusihi, msomaji, ijaribu kila mashine katika hali ile ile itakayokutana nayo kazini.

Kwa yule atakayependa kufanya kazi hii nyumbani kwake, haya ndiyo tuliyoyafuata.

Kwanza, pima kabla hujakata. Skrini ya inchi 15 ya umbo la zamani ina picha yenye upana wa milimita 305 na kimo cha milimita 229 hivi, lakini usiamini kitabu, pima iliyo mbele yako. Tundu la kabati liwe kubwa kidogo kuliko picha na dogo kuliko fremu, ili ubao ulale juu ya fremu ya plastiki bila kukigusa kioo. Ubao ukikibana kioo hata kwa unywele, mashine itadhani kuna kidole kisichoondoka, nawe utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kata kwa msumeno mwembamba, malizia kwa tupa na msasa, kisha weka mpira laini kati ya ubao na fremu ili maji yasipenye.

Pili, usiitundike skrini kwa gundi wala kwa misumari. Nyuma ya skrini nyingi kuna matundu manne ya skrubu, yaliyoachana milimita 75 au 100 kila upande, na skrubu zake huwa na unene wa milimita 4. Pitisha mbao mbili imara kutoka ubavu mmoja wa kabati hadi wa pili, uifunge skrini juu yake. Angalia urefu wa skrubu, kwani ikizidi hutoboa vilivyo ndani.

Tatu, ilaze skrini kidogo kuelekea nyuma, kiasi cha nyuzi 15 au 20. Ikisimama wima mkono huchoka upesi. Ikilala mno, maji na makombo hutuama juu yake. Kimo chake kiwe kati ya kiwiko na kifua cha yule atakayeitumia zaidi. Sisi tulipima kwa mama mwenyewe.

Nne, kumbuka kwamba skrini ya kugusa ina kazi mbili, na kwa kawaida huwa na waya mbili za kuiunganisha na kompyuta. Mmoja hupeleka picha kutoka kwenye kompyuta, na wa pili hurudisha habari za kidole. Watu wengi huunganisha ule wa picha, wakaona inang'aa, kisha wakashangaa mbona haisikii. Mashine kuukuu huhitaji pia programu yake ndogo ili habari za kidole zieleweke.

Tano, isawazishe. Programu ya kusawazisha huonyesha alama za msalaba pembezoni, nawe huzibonyeza moja moja ili mashine ijue kila mahali ni wapi. Ukiruka hatua hii utabonyeza wimbo huu ukapigiwa wa chini yake. Na iwapo umeisimamisha skrini kwa urefu ili iingie katika kabati jembamba, fahamu kwamba kuigeuza picha hakugeuzi mguso. Utabonyeza juu, mashine isikie ubavuni, mpaka nao uugeuze kwa amri yake.

Sita, tenga chumba cha spika na chumba cha kompyuta kwa ubao, kwa sababu mtetemo hulegeza waya na huidhuru diski inayozunguka. Toboa matundu chini na juu ya mgongo wa kabati, hewa ya baridi iingie chini na ya moto itokee juu.

Kwa upande wa umeme, laptopu kuukuu ina faida moja kubwa, nayo ni betri yake. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, mafaili huweza kuharibika. Betri, hata iliyochoka, huipa nafasi ya kujizima kwa utaratibu. Pamoja na hayo weka nakala ya pili ya nyimbo zote mahali pengine kabisa. Na kwa wakazi wa karibu na bahari, chumvi ya hewani hula viungo vya waya pole pole. Fungua kabati mara moja kwa mwezi, uzime umeme, ufute vumbi, uchomoe na kuchomeka tena viungo ukiviangalia kama vimeota kutu.

Jambo jingine si la ufundi. Nyimbo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na wanamuziki, na anayepiga nyimbo zao mahali pa biashara anapaswa kupata kibali. Kwa hiyo kabla mashine haijaanza kazi, nenda ukaulize taratibu katika ofisi ya COSOTA. Wengi wa wazee waliozipiga nyimbo zile hawakunufaika nazo ipasavyo, na si vizuri nasi tuongeze mkono katika kuwapunja.

Lililobaki ni jinsi nyimbo zinavyopangwa kwenye skrini, na hapa sifa zote ni za yule kijana. Mimi nilimshauri aandike majina kwa herufi kubwa. Yeye aliipiga picha kila kanda ya baba yake, jinsi ilivyo, na mwandiko wake wa wino juu yake, akazifanya picha hizo kuwa ndizo vifungo vya kubonyeza, sita kwa kila ukurasa, kila kimoja kikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Mama hahitaji kusoma. Anazijua kanda zile kwa sura, kama mtu anavyowajua watoto wake, kwa mikwaruzo yake na kwa rangi ya karatasi zake.

Siku tuliyoliwasha tena, hatukumwita mtu. Mama alikuja mwenyewe kutoka jikoni, mikono imejaa magamba ya samaki, akasimama mbele ya kabati akizitazama zile picha. Hakujifuta. Alibonyeza kanda moja ya pembeni, na gitaa likaanza. Alisikiliza wimbo mpaka ukaisha, kisha akaniuliza kama maji hayataiharibu. Nikamwambia aifute jioni kwa kitambaa laini. "Hilo naliweza," akasema, akaenda kugeuza samaki.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, nitajibu barua za wasomaji wanaouliza namna ya kusafisha kanda zilizoota ukungu kabla ya kuzihamisha. Kwa leo naomba kila fundi wa nyumbani, kabla ya kwenda dukani, aende kwanza kumshika mkono yule anayemtengenezea kitu, aone kama ni mkavu au ni wa maji.